Siku sita bila kuona nchi kavu: kwa nini nasema hizo ndizo safari yenyewe

#1 MzeeWaGati (Luzira)

Salaam aleikum wakuu, na wote mliomo humu.

Kila uzi wa safari za meli za kitalii ninaousoma, maswali ni ya bandari. Mtashuka wapi, kuna nini cha kuona, mnapewa saa ngapi. Zile siku ambazo meli iko katikati ya bahari na haifungi gati popote, watu wanazihesabu kama hasara. Mimi nimetoka kwenye safari iliyokuwa na siku sita za namna hiyo mfululizo, na nimekuja kuzisemea.

Mnijue kwanza. Nilifanya kazi miaka 19 kwenye meli za kubeba mabehewa ya treni, zile zilizokuwa zinavuka Ziwa Viktoria kutoka Port Bell ya kwetu Uganda kwenda Kisumu na Mwanza. Nilikuwa mtu wa sitahani: kamba, minyororo ya kufungia mabehewa, kukwangua kutu, kupaka rangi. Kiswahili changu nimekitoa huko, ndicho tulichofanyia kazi na wenzetu wa Kenya na Tanzania. Miaka yote hiyo ziwa kwangu lilikuwa barabara. Unauliza upepo, unauliza mzigo, zamu ikiisha unalala. Sikumbuki hata mchana mmoja nimekaa kwenye kiti kuyatazama maji.

Binti yangu ni muuguzi Italia. Nilipostaafu aliniambia, "Baba, umewapeleka wengine maisha yako yote, safari hii upelekwe wewe." Akanikatia tiketi, yeye na mimi. Ilikuwa Novemba. Meli zinazozungusha watalii bahari ya Mediterania wakati wa joto la Ulaya huhama mwezi huo kufuata kiangazi cha Brazil. Meli lazima ivuke Atlantiki, ijae isijae, kwa hiyo nauli ya kila usiku kwenye safari ya kuhama huwa nafuu kuliko safari za kawaida. Tulipandia Genova, tukapita Barcelona, tukapita Santa Cruz de Tenerife, kwenye visiwa vya Kanari vya Hispania, halafu siku sita za maji matupu mpaka Salvador ya Brazil, kisha Rio de Janeiro, na mwisho Santos. Viza ni mbili, ya Schengen na ya Brazil, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano sikuiacha nyumbani. Hayo ya makaratasi yanatosha.

Tulitoka Tenerife saa tano usiku. Nilisimama nyuma kabisa, kwenye tezi, nikitazama taa za mji zikipanda mlimani na kupungua. Kazini, kutoka gatini kulikuwa kelele na kamba zilizolowa. Usiku ule mikono yangu haikuwa na cha kushika. Kusema kweli ilinisumbua. Nilikuwa naangalia vijana wa kamba kule chini wanavyokusanya, na mikono inataka kwenda.

Nitaendelea jioni nikitoka msikitini.

#2 KijanaWaJinja

Mzee, nafuatilia kwa heshima, lakini niseme langu. Siku sita bila kuona hata kisiwa? Mimi kwenda Kalangala tu, kule visiwani ziwani kwetu, masaa matatu na nusu, nikifika gati la Lutoboka nimeshachoka. Pesa yote hiyo ukae ndani ya chuma kinachoelea? Bora siku hizo uzitumie nchi kavu.

#3 Mama_wa_Bombo

Mzee wangu, webale kuandika. Nina maswali mawili na naomba usiyasahau. Sala mlikuwa mnaelekea wapi humo katikati? Na chakula?

#4 Busia_Mpakani

Nimeweka kambi hapa. Endelea mzee.

#5 MzeeWaGati (Luzira)

Nimerudi.

Kijana wa Jinja, unachosema ndicho nilichokihisi siku ya kwanza, nami sitaficha. Kila jioni wanakuwekea kitandani karatasi ya ratiba ya kesho. Siku ile ya kwanza karatasi ilikuwa imejaa mwanzo mpaka mwisho: mafunzo ya kucheza dansi, maswali na majibu, mpishi anaonyesha kukanda tambi, bingo, mhadhara wa historia ya Brazil, muziki sehemu tatu kwa wakati mmoja. Mimi na binti tukazifuata zote tusikose kitu. Tulipanda na kushuka ngazi kama watu waliopoteza mtoto sokoni. Usiku nimelala miguu inauma, na nilipojiuliza bahari ya siku hiyo ilikuwa na rangi gani, sikuwa na jibu. Nimepita siku nzima juu ya Atlantiki sijaiona.

Ya pili nikamwambia binti, leo tunachagua vitu vitatu tu. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Vilivyobaki viende. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Asubuhi niliyoichagua ni hii. Baada ya sala ya alfajiri napanda kwenye sitaha inayozunguka meli yote. Mabaharia wameshaamka. Kulikuwa na kijana Mfilipino anaosha vyuma vya ukingoni kwa mpira wa maji baridi, halafu anavipangusa kwa kitambaa, kipande kwa kipande. Nikashangaa, maana usiku mvua haikunyesha na vumbi halipo. Akaniita, akanishika kidole akakipitisha kwenye chuma ambacho hakijaoshwa. Kilikuwa na ukungu mweupe, mkavu, kama unga wa mhogo uliobaki kwenye ungo. Nikalamba. Chumvi. Usiku kucha upepo unaileta, na isipooshwa kila siku inakula chuma. Miaka 19 nimekwangua kutu ya ziwa letu lenye maji matamu, nikadhani nakijua chuma. Yule kijana tulizungumza kwa mikono zaidi ya maneno, na kila asubuhi alikuwa ananipigia saluti.

Kisha samaki. Mediterania sikuona kitu, lakini tulipoingia kwenye joto, kuanzia siku ya tatu, ukisimama mbele upande wa omo utaona maji yanapasuka na kundi la panzi linatoka. Nasema samaki panzi, wale wanaoruka. Meli inawashtua, wanatoka majini mbawa zimekunjuliwa, wanateleza hewani juu ya mawimbi, mkia unagusa maji kidogo na kuwasukuma tena. Ndege wakubwa wa rangi ya kahawia wamelijua jambo hilo. Wanaruka sambamba na meli bila kupiga mbawa, wanangoja panzi watoke, halafu wanajitupa kama jiwe. Meli kwao ni mvuvi anayewaamshia samaki. Nilisimama hapo asubuhi tatu, kila moja saa nzima na zaidi, na kando yangu mama mmoja Mjerumani mwenye darubini. Hatukuwa na lugha ya pamoja hata moja. Ndege akipata samaki tunatazamana.

Mchana: tangazo la kapteni. Saa sita kamili kengele inagonga, kapteni anasema tulipo, mwendo, upepo, na kina cha maji. Mwendo ulikuwa kama maili 19 za baharini kwa saa, yaani kilomita 35. Siku moja akasema chini yetu pana zaidi ya mita 4,000. Wakuu, ziwa letu Nalubaale, yaani Viktoria, pamoja na ukubwa wake wote, pale penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 90. Watu walikuwa wanakula, vijiko havikusimama. Mimi changu kilisimama.

Jioni nitaisimulia peke yake, ina mambo.

Mama wa Bombo, sijakusahau. Adhana hakuna, na saa za sala hazikai, kwa sababu meli inasogea na jua linasogea nayo. Binti alinichapishia saa za kila siku kabla hatujatoka Genova, nikawa narekebisha. Kibla ndiyo iliyonifundisha. Chumbani huwezi kuweka alama ukutani ukasema basi, maana chumba kinageuka na meli. Tulikuwa tunakwenda kusini tukivutia magharibi, na Makka kutoka huko iko mashariki, ikiinamia kaskazini kidogo. Kwa hiyo nilikuwa nasimama nikielekea kushoto kwa meli, upande wa nyuma. Kabla ya kila sala naangalia kwanza ramani ya televisheni ya chumbani nione omo imeelekea wapi. Nilipunguza sala kama msafiri. Chakula: samaki, mayai, mboga, matunda hayaishi. Nyama niliiacha. Posho, yaani ugali, hakuna, ila siku ya nne wapishi walipika kitu cha unga wa mahindi wa Kiitaliano, laini kuliko wetu, nikala sahani mbili na samaki.

#6 Namayingo_Binti

Mzee, shikamoo. Nimefanya kazi kwenye meli za aina hiyo mikataba miwili, miezi tisa kila mmoja, upande wa kufua nguo. Yote unayosema ni kweli. Naomba niongeze la chini ya sitaha, kwa sababu abiria hawalijui.

Siku ya bandari watu wanashuka, meli inapumua. Siku ya baharini wamo wote, na kwetu hizo ndizo siku nzito. Taulo za bwawani zinashuka kwa marobota, unamaliza la kwanza matatu yanakungoja. Vitambaa vya meza vinabadilishwa asubuhi, mchana, usiku. Joto la chumba cha kufulia ni la mchana wa Februari na huna dirisha. Sheria ya kimataifa ya kazi za baharini inampa baharia saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na siku hizo unazihesabu dakika kwa dakika. Sisemi kwa kulalamika, mshahara ule ndio uliojenga nyumba ya mama yangu. Nasema ili atakayesafiri ajue. Ukitaka kumrahisishia anayekusafishia chumba siku ya baharini, toka mapema umwachie nafasi, asirudi mlangoni kwako mara nne. Taulo moja ikitosha, usichukue tatu. Na umwite kwa jina lake, limeandikwa kifuani.

Halafu mikono. Osheni kwa maji na sabuni, kila kabla ya kula. Ile dawa ya kupaka mikononi inayowekwa mlangoni haitoshi peke yake kwa virusi vya kutapika na kuharisha, na ndani ya meli mmoja akiugua, kesho yake wako kumi.

#7 MzeeWaGati (Luzira)

Binti yangu, marahaba. Umenena vizuri na umenipa haya kidogo, maana nilikuwa nachukua taulo mbili. Waliokaa chini ya sitaha wanaelewana.

#8 Arua_Express

Mzee mimi maji siyawezi. Kivuko tu cha Laropi pale mtoni tumbo linageuka. Watu kama sisi tunafanyaje siku sita? Na usalama je? Sisi wengine tulikuwa shule ya msingi mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama, picha zile hazijatoka.

#9 MzeeWaGati (Luzira)

Swali zito, nitalijibu kwa urefu.

Kulewa bahari kwanza. Meli ichukulie kama ubao wa bembea ya watoto, ule wa kupanda na kushuka. Wa mwishoni ndio wanaorushwa, wa katikati hata hawasogei. Kwa hiyo chumba chako kiwe katikati ya urefu wa meli na ghorofa za chini. Vyumba vya juu mbele vina sifa na bei, lakini bahari ikichafuka huko ndiko kunakotikisika. Meli hizi pia zina mapezi mawili ya chuma ubavuni, chini ya maji, yanageuka yenyewe kuzuia isiende mrama. Yanapunguza, hayaondoi. Siku ya pili tulipata mawimbi marefu kutoka kaskazini. Maji ya bwawa yalikuwa yanahama upande huu kwenda ule mpaka yakamwagika, wakalifunika bwawa kwa wavu. Binti yangu, muuguzi, ndiye aliyelewa. Nilimtoa chumbani, maana kujifungia ndiko kunakoua. Nikamkalisha nje katikati ya meli, nikamwambia atazame ule mstari wa mbali maji yanapokutana na mbingu, macho yasishuke kwenye simu. Biskuti kavu, tangawizi, tufaha la kijani. Saa mbili baadaye anauliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Vidonge vipo pia, lakini vinywe kabla hujaanza kutapika.

Usalama. Mwaka 1996 nilikuwa kazini ziwani, kwa hiyo nakuelewa. Wapo niliowajua kwa sura kwenye gati la Mwanza ambao sikuwaona tena. Na mwaka 2005, hapa hapa kwetu, meli ya Kabalega ilizama baada ya kugongana na meli ya Kaawa. Mtu wa maji hasahau hesabu hizo. Ndiyo maana jambo la kwanza nililolipima kwenye meli ile ni zoezi la dharura. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, wakafa watu 32, na kati ya waliokuwemo kulikuwa na abiria waliopanda siku ile ile na hawakuwa wamefanyishwa zoezi lolote. Baada ya hapo sheria ya kimataifa ikabadilishwa: zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Honi fupi saba na moja ndefu, hiyo ndiyo ishara, ikariri. Genova wengine walikuwa wanapiga picha wakati wa zoezi. Mimi nilihesabu hatua kutoka chumbani mpaka kituo chetu cha mashua, nikamfanyisha binti usiku, taa zimezimwa, mkono ukutani. Tulipomaliza ndipo nikapata usingizi. Mtu akishajua njia ya kutokea, bahari anaweza kuifaidi.

#10 Busia_Mpakani

Mzee uliahidi jioni.

#11 MzeeWaGati (Luzira)

Ndiyo, jioni.

Sisi huku Uganda hatuna Nyota ya Kaskazini. Iko kwetu, lakini imelala pale pale kwenye upeo, ukungu na miti vinaimeza. Tenerife niliiona juu. Kwenye meli kulikuwa na sehemu moja ya sitaha ya juu wanayoizima taa saa nne usiku kwa ajili ya wanaotaka kutazama nyota. Afisa mmoja, Mhindi wa Goa, alinifundisha kuipima kwa ngumi. Nyoosha mkono mbele, funga ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Panga ngumi juu ya ngumi kuanzia ukingo wa bahari mpaka kwenye nyota, na kimo hicho ndicho umbali wako kutoka ikweta kwa nyuzi. Usiku wa Tenerife zilikuwa ngumi tatu kasoro kidogo. Usiku wa kwanza wa bahari, mbili na kitu. Wa pili, moja na nusu. Wa tatu, ngumi moja haikutimia. Wa nne nilisimama mpaka saa saba, sikuiona. Ilikuwa imeshuka karibu na upeo, ukungu umeimeza.

Watu waliokuja kutoka Ulaya walisikitika kidogo, nyota waliyoizoea tangu utotoni imewaacha. Mimi nilihisi narudi nyumbani. Nilikuwa mbali kuliko nilivyowahi kuwa maishani, upande wa pili wa Afrika, na bado hesabu ya mbingu ilikuwa inaniambia kila usiku: umekaribia kwenu.

Alfajiri ya siku ya tano nikaenda pale kwenye skrini ya karibu na ngazi, peke yangu. Namba za latitudo zilikuwa zinashuka. Herufi ya kaskazini ikawa ya kusini. Hakuna kilichotikisika, meli haikusema kitu. Nikatoka nje nikasali nikielekea kushoto nyuma, na jua likatoka upande huo huo.

Saa nne asubuhi ndipo sherehe yao ikafanyika bwawani. Wana desturi ya mabaharia ya zamani: mfalme wa bahari anatoka na ndevu na mkuki wa meno matatu, na wote ambao hawajawahi kuvuka ikweta kwa meli wanamwagiwa maji ya barafu na kubusu samaki, kisha wanapewa cheti. Aliyekuwa anaita watu akanijia na ndoo. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha gatini, kwamba Port Bell iko kaskazini ya ikweta, Kisumu na Mwanza ziko kusini, na mimi nimekwenda na kurudi huko miaka 19. Akaweka ndoo chini. Akamwita yule afisa wa Goa, akapiga hesabu kwa sauti: safari moja kwa wiki, kwenda na kurudi, mara miaka yote hiyo. Ilipita mara 1,900. Kapteni mwenyewe alikuwepo. Alinipa mkono mbele ya watu wote, akasema hajawahi kukutana na mtu aliyevuka mara nyingi namna hiyo. Binti yangu alilia. Hakuwahi kuijua kazi yangu zaidi ya harufu ya dizeli niliyorudi nayo nyumbani. Mchana kutwa siku hiyo tulikaa viti viwili upande wa kivuli, akaniuliza mambo ya ziwa ambayo katika miaka 34 hajaniuliza: nani alikuwa nahodha, tulikula nini usiku, kama niliwahi kuogopa. Nikamjibu yote, na la mwisho pia.

Kijana wa Jinja, hilo ndilo jibu langu kwako. Bandarini tungeshuka, tungepanda basi, tungepiga picha kanisa na soko. Tusingekaa saa sita kwenye viti viwili. Siku ya baharini haina pa kukimbilia, na simu haishiki. (Kuhusu simu: iweke kwenye hali ya ndege kabla nchi haijapotea. Mtandao wa meli wenyewe ukijiunga bila wewe kujua, bili yake itakutafuta mpaka nyumbani.)

Tena kuna zawadi moja zaidi. Kwenda magharibi, saa zinarudishwa nyuma. Kutoka Tenerife mpaka Salvador ni masaa matatu, kwa hiyo usiku tatu kati ya zile sita walitupa saa nzima ya ziada. Siku ya saa 25! Ukifanya safari ya kurudi mashariki wanakunyang'anya, ndiyo maana nawashauri mkichagua, mchague ya kwenda magharibi.

Salvador tulifika asubuhi ya siku ya saba. Ni mji mzuri, wenye watu wanaofanana nasi kabisa. Nilishuka, nikatembea, na saa nane nilikuwa nimerudi melini naulizia kiti changu.

#12 KijanaWaJinja

Mzee nimesoma mara mbili. Narudisha maneno yangu ya juu. Swali: sisi ambao Schengen na Brazil hatuziwezi kwa sasa, tufanyeje?

#13 Mama_wa_Bombo

Hilo la binti kuuliza limenigusa. Mimi ikweta naijua ile ya Kayabwe, barabara ya Masaka, tunasimama tunapiga picha kwenye ile duara nyeupe, tunanunua maji tunaondoka. Sikuwahi kufikiri kwamba na ziwani iko.

#14 MzeeWaGati (Luzira)

Iko, mama, na mnaivuka bila kuambiwa. Kijana wa Jinja, sikiliza. Meli ya Kalangala inatoka gati la Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana. Nakiwogo iko kaskazini ya ikweta kwa kilomita chache tu, Lutoboka iko kusini. Mwelekeo wake ni kusini ikivutia magharibi, karibu ule ule wa meli yetu kutoka Tenerife. Masaa yako matatu na nusu yafanye siku ya baharini. Usikae ndani kwenye televisheni. Keti nje upande wa kushoto, kwa sababu mchana jua liko kulia na mbele, kushoto kuna kivuli. Vaa jaketi la kuokolea au ujue liko wapi, na ujue njia ya kulifikia. Washa ile ramani ya simu inayotaja latitudo, nusu saa hivi baada ya kuondoka anza kuitazama. Ikishavuka, zima simu. Na mchukue mtu ambaye hujakaa naye siku nyingi.

#15 Namayingo_Binti

Na nauli yake haikaribii hata taulo za kule. Mimi nitakwenda na mama.

#16 KijanaWaJinja

Wakuu, natoa ripoti. Jumamosi nimekwenda na baba. Tumekaa kushoto, nje, kivuli kilikuwepo kama mzee alivyosema. Tulichelewa kidogo kuondoka. Saa nane na dakika arobaini na tano herufi ikabadilika mkononi mwangu, nikamwonyesha baba. Akaishika simu muda mrefu, akanirudishia, akayatazama maji. Halafu akaanza kunisimulia jinsi babu yake alivyokuwa anavua ngege kwa mtumbwi upande wa Buvuma. Sikuwahi kujua kwamba tulikuwa wavuvi. Tulipofika Lutoboka alikuwa hajamaliza.